Bega la Mchukuzi

Ukipita mtaa ule saa za kazi ukamsalimia fundi wa makochi, usitegemee jibu la kueleweka. Atakuitikia "mm," na akiwa na la zaidi atakuongezea "mm-mm," kwa sababu kinywani mwake mna misumari midogo ya kupigilia kitambaa, na misumari hiyo haitoki humo ila kwa kula, kulala na kugombana. Ndiyo maana majirani, wateja, na hata mkewe akiwa na hasira, humwita Misumari. Jina la kuzaliwa analo, ila limekaa bila kazi.

Kazi anaijua, hilo hatumnyimi. Mpelekee kochi lililobonyea mpaka mtu akilikalia anaguswa na mbao. Atalivua nguo zote, atafumua springi, atajaza sponji mpya, na likirudi kwako utaona haya kulikalia na suruali ya kazini. Ana ugonjwa mmoja tu. Hawezi kuona kitu kimepinda akakiacha. Akikaribishwa kwa watu, chai inapoa mezani yeye yuko sakafuni amepiga magoti, anachungulia miguu ya kiti cha mwenye nyumba. Mkewe amemkanya hadi amechoka, siku hizi humwacha tu.

Asichokijua ni kazi ya binti yake. Anajua binti huondoka asubuhi na mkoba, huenda kwenye ofisi fulani ghorofani, na huko yeye na wenzake hutengeneza gemu za kompyuta. Anajua pia kwamba binti ndiye anayechora watu wa humo ndani. Watu gani? Wasiokuwepo. Wanachorwa, halafu wanatembea. Baada ya hapo Misumari hupotea kabisa. Mteja akimuuliza binti anafanya kazi gani, husogeza misumari kwenye shavu, husema "Ya kompyuta," kisha hugonga nyundo kwa nguvu ili swali la pili lisisikike.

Lakini hilo silo lililomkaa rohoni. Lililomkaa rohoni ni kwamba tangu binti aanze kazi hiyo, hakuwahi kumleta nyumbani mwenzake hata mmoja. Wakija kumpitia kwa gari, yeye hutoka mbio na kuwawahi kule kwenye kona, kabla hawajafika mbele ya karakana yenye makochi yaliyochanika na baba mwenye vumbi la sponji kwenye nyusi. Misumari aliliona hilo si mara moja. Angesema nini? Alijiambia tu, mtoto ananionea haya, na kila alipolikumbuka neno hilo alikosa hamu ya chakula.

Basi fikiria moyo wake ulivyoruka siku binti alipoingia karakana, akakaa juu ya fremu ya kochi isiyo na kitambaa, akasema, "Baba, nina kazi yako."

Misumari akatema misumari yote kiganjani. Hilo peke yake linaonyesha uzito wa jambo.

"Kochi la ofisini kwenu?"

"Siyo kochi. Nguo."

"Mimi si fundi nguo, mama. Fundi nguo yuko pale ng'ambo ya barabara."

"Namjua, simtaki. Nataka unishonee wewe."

Akamweleza. Kutakuwa na maonyesho makubwa ya gemu, na watu huenda huko wamevaa kama wale watu wa ndani ya gemu, kila mmoja na anayempenda. Gemu yao wenyewe itatolewa mbele ya watu kwa mara ya kwanza. Yeye binti atasimama mezani pao akiwa amevaa kama mhusika wao mkuu, anayeitwa Mchukuzi.

"Hao wanaovaa hivyo ni watoto?"

"Watu wazima, baba."

"Wana akili zao?"

"Wengi wao."

Misumari alielewa robo ya maelezo hayo, na robo yenyewe si ya uhakika. Lakini jambo moja alilielewa vizuri sana: mtoto wake, huyu anayewawahi wenzake kwenye kona, anataka kusimama mbele ya hao hao wenzake na umati mzima akiwa amevaa kazi ya mikono ya baba yake. Akaapa moyoni kwamba nguo hiyo itanyooka kuliko kitu chochote kilichowahi kutoka karakana yake. Akiiharibu hii, alijua, binti hatamwomba kitu tena.

Jioni hiyo binti akaunganisha kompyuta yake na televisheni ya sebuleni ili baba amwone huyo Mchukuzi. Mama mtu alikuwa pembeni anakunja nguo. Kwenye kioo akatokea mtu mpana, amevaa koti la viraka vya kila namna, vya maua, vya mistari, vyeusi vinavyong'aa, na mkanda mnene wa ngozi kiunoni. Begani amebeba mlango. Mlango mzima, na kitasa chake. Alikuwa akitembea katika mji uliobomoka, akipanda ngazi na kushuka ngazi.

"Anaupeleka wapi?" Misumari akauliza.

"Anatafuta nyumba ulikotoka. Akiipata anaufunga mahali pake, watu wanarudi kukaa."

"Na mkokoteni hakuna?"

"Baba."

"Nauliza tu. Ule ni mti mgumu, mtu atajiua. Halafu mbona katupa mgongo muda wote? Mwambie ageuke tumsalimie."

Mkewe akaangua kicheko, akashindwa kukunja shuka aliyoishika. Misumari akamtazama. Hakuona kilichochekesha.

"Hageuki," binti akasema haraka. "Gemu yetu ndivyo ilivyo, unamfuata kwa nyuma. Na mbele bado... mbele bado hatujamaliza."

"Kwa hiyo huyu hana mbele?"

"Atakuwa nayo. Wewe nishonee mgongo na mabega. Mbele na uso tutafanya wenyewe ofisini."

Yaani mbele, panapotazamwa na watu, wamepewa wenzake. Baba kaachiwa nyuma. Misumari akasogea karibu na kioo kutazama kazi, kwa sababu kazi ni kazi hata kama imekuuma. Akatazama mshono wa kwapa, akatazama viraka vilivyopangwa, kisha jicho lake likagota mahali pamoja.

"Huyu mtu kapinda."

"Wapi?"

"Bega la kushoto. Limelala kabisa. Ni kilema?"

"Si kilema. Ndivyo anavyosimama." Binti hakumtazama. "Na hivyo hivyo nataka liwe."

Mkewe safari hii alitoka nje kabisa, na kicheko chake kikasikika uani.

Kazi ikaanza kwa mkanganyiko na ikaendelea hivyo hivyo. Misumari alitaka vipimo vya Mchukuzi. Binti akasema Mchukuzi hana vipimo, nipime mimi. Akampima. Akajikuna kichwa. "Lakini yeye ni pipa, na wewe ni mwembamba kama ufito. Hii nguo itaning'inia."

"Ndiyo maana nikaja kwako, baba. Nataka sponji."

Kumbe! Uso wa Misumari ukang'aa kwa mara ya kwanza tangu jambo lile lianze. Kumbe binti ni fremu. Sponji inakuja juu ya fremu, gunia juu ya sponji, kitambaa juu ya gunia. Hilo analiweza akiwa amefumba macho. Akajifungia karakana kwa siku kadhaa, na wateja wakaambiwa "mm-mm" kupitia dirishani. Alipomwita binti kujaribu, koti lilikuwa limeshiba, mgongo wake umejaa, viraka vimekaa kila kimoja mahali pake.

Binti akalivaa, akarukaruka kidogo, akasita. "Baba, humu chini kuna nini?"

"Springi."

"Springi?"

"Ukikaa zitakupokea."

"Sikai, baba. Nitasimama."

"Siku nzima? Mtu gani asiyekaa siku nzima?"

Springi zikatolewa, ingawa Misumari alizitoa kwa shingo upande. Alikuwa hajawahi katika maisha yake kutengeneza kitu kisichokaliwa, na hakuelewa kinafanywa cha nini.

Kisha yakaja ya mwendo. Binti alianza kutembea vibaya. Akirudi kazini huenda uani, analaza bega la kushoto, anaburuta mguu kidogo, na kila baada ya hatua chache anashika kiuno na kuvuta pumzi. Anakwenda mpaka kwenye kamba ya nguo, anageuka, anarudi. Misumari alimwona kupitia mlango wa karakana na nyundo ikabaki hewani. Akamfuata mkewe jikoni.

"Mtoto mgongo unamuuma. Tumpeleke hospitali."

"Haumuumi. Anaiga."

"Anamwiga nani?"

"Muulize mwenyewe."

"Si anamwiga yule Mchukuzi wao? Sasa wewe unacheka nini?"

"Namcheka mume niliyeolewa naye," akasema mkewe, akajifuta machozi kwa ncha ya kanga.

Misumari akarudi karakana amenuna. Nyumba nzima ilikuwa inajua kitu ambacho yeye hakijui, na yeye ndiye baba mwenye nyumba. Mtu ufanyie kazi gizani, ushone mgongo usio na uso, halafu uchekwe. Alitaka kuuliza na hakutaka kuuliza, kwa sababu aliogopa jibu. Huenda wanacheka kwa kuwa hata wao wanajua atalikoroga.

Siku moja kabla ya maonyesho, koti lilikuwa tayari, limevikwa kwenye fremu ya kiti mbele ya karakana. Bega la kushoto lilikuwa limelala, kama alivyoagizwa. Na siku nzima, kila aliyepita alikuwa na neno. Muuza maji akasema, "Fundi, mtu wako anaanguka." Fundi wa baiskeli akalaza kichwa upande mmoja ili alione sawa. Mwisho akaja mama mmoja, mteja wake wa miaka, aliyefuata kochi lake jekundu. Akalitazama lile koti juu hadi chini, akasema kwa huruma, "Misumari, umeanza kuzeeka? Hii si imepinda?"

Hilo ndilo lililommaliza. Akauona akilini ukumbi wa maonyesho. Akamwona binti amesimama katikati ya umati na bega limeporomoka, na watu wanaulizana nani aliyeshona uchafu ule, na binti anajibu kwa sauti ndogo, ni baba. Hapana. Mtoto hajui ushonaji, anajua kuchora. Kwenye picha mtu anaweza kupinda, kwenye kitambaa kupinda ni aibu ya fundi. Akafumua mshono, akashindilia sponji ngumu kwenye bega la kushoto, akaongeza, akaongeza tena, kisha akaweka pima maji juu ya mabega yote mawili apime usawa. Kiputo cha hewa kikatulia katikati. Roho yake nayo ikatulia. Akashona, akalifunga koti kwenye nailoni, akaenda kula akashiba.

Asubuhi binti alitangulia ukumbini kupanga meza, na baba akafuata na mzigo begani. Alipoingia tu akajua amepotea. Kulikuwa na watu wenye mabawa. Kulikuwa na watu wenye pembe, wenye mikia, wenye panga za maboksi zilizopakwa rangi ya fedha. Dada mmoja mwenye nywele za buluu akampisha njia na kusema "Shikamoo" kwa adabu zote, na Misumari akaitikia "mm" kwa sababu hata bila misumari mdomo ulikuwa mzito. Halafu jamaa mwenye pembe akamsimamisha.

"Mzee, hongera! Umempatia hasa. Naomba picha."

"Nimempatia nani?"

"Mpaka mwendo!" jamaa akasema, akamwekea mkono begani, simu ikalia kachik. "Tumemwona sasa hivi kule ndani. Umemaliza kazi!"

"Mimi ni fundi makochi," Misumari akajieleza.

"Hata sauti!" jamaa akapiga makofi kwa furaha, akaenda zake na mkia wake.

Misumari akabaki amesimama na mzigo wake, hajui amesifiwa au amechezewa. Akaendelea mbele akiulizia meza ya Mchukuzi, na kila aliyemuuliza alimtazama usoni, akatabasamu, akamwonyesha njia. Alipofika, wenzake binti, wale wa kwenye kona, waliinuka wote kwa pamoja. Wakamwamkia mmoja mmoja. Dada mmoja mwenye miwani akamshika mkono kwa mikono yake miwili na hakuuachia, anamtazama kama mtu anayemfahamu. Kwenye meza kulikuwa na televisheni kubwa, na ndani yake Mchukuzi alikuwa amewapa watu mgongo wake ule ule.

Binti akafungua nailoni kwa haraka. Akapapasa viraka, akacheka, akapapasa mkanda. Mkono wake ukafika bega la kushoto, ukasimama.

"Baba. Bega liko wapi?"

"Nimelinyoosha," akasema Misumari, na hakuweza kuficha fahari yake. "Na pima maji nimeweka. Lete yeyote apime."

Akasubiri asante. Macho ya binti yakajaa maji.

"Siyo yeye tena," akasema. "Baba, nilikwambia. Siyo yeye."

"Lilikuwa limepinda, mama. Wangekucheka."

"Sitaki linyooke!"

Watu wa meza ya jirani wakageuka. Misumari akahisi mwili mzima umepata moto. Ndiyo yale yale. Ameharibu, na ameharibu mbele ya wenzake. Akanyoosha mkono alichukue koti, alirudishe karakana, ajirudishe na yeye. Yule dada wa miwani akauliza taratibu, "Mzee hajamwona kwa mbele?"

Binti akatikisa kichwa. Kisha akajifuta macho, akainama mezani, akabonyeza kitu. Kwenye kioo Mchukuzi akasimama, akateremsha mlango wake chini, akashika kiuno, akavuta pumzi. Akageuka.

Alikuwa na nyusi zenye vumbi jeupe. Jicho moja limefinywa, kama la mtu anayeangalia kama mstari umenyooka. Shavu la kulia limevimba, na katikati ya midomo vimechomoza vichwa vya misumari midogo.

"Mm," akasema Misumari.

Hakuna aliyecheka. Alitazama kushoto, akatazama kulia, kama vile huenda kuna mtu mwingine wa sura hiyo ukumbini. Akashika shavu lake.

"Nilitaka umwone ameshakamilika," binti akasema. "Niliogopa ukijua utakataa. Ungesema nimekufanya mwanasesere."

"Lakini mimi... bega mimi sina hilo."

"Unalo."

"Mimi nimenyooka."

"Baba, unalo."

Hakuamini. Akampa mgongo, akamwambia ampige picha kwa simu. Akaishika ile picha kwa mbali, kisha kwa karibu. Mle ndani kulikuwa na mzee mpana katika shati lake la kutokea, na bega la kushoto limelala kabisa. Miaka yote hiyo amenyoosha viti vya watu, na hili lake hakuwahi kuliona, maana mgongo wa mtu huonwa na wanaomfuata.

"Ulikuwa unapeleka makochi ghorofani begani," binti akasema. "Mimi nakuja nyuma na mto wa kochi. Nikitoka shule tu, ngazi mpaka ngazi, sioni kingine ila mgongo wako. Ukichoka unashika kiuno. Mimi uso wako nimeujua ukubwani, baba. Ningemwekea kochi ungejijua mara moja, ndiyo nikaweka mlango."

Kulikuwa na swali lililobaki, na ndilo hilo hilo lililokuwa likimnyima Misumari chakula.

"Na hawa," akasema, akiwaonyesha wenzake kwa kidevu, "mbona unawapokea kwenye kona?"

"Si wangekuona! Hii sura wanashinda nayo ofisini kutwa. Wangekurukia pale pale, siri yote ingekwisha."

Hapo mzee akalia. Sina haja ya kumfichia, alilia mbele ya watu wenye pembe na watu wenye mabawa, na vumbi la sponji lililobaki kwenye nyusi likachanganyika na machozi. Alilia kwa furaha na kwa aibu pia, kwa jinsi alivyomdhania mtoto wake. Alipomaliza, akapenga, akaomba mkasi.

Akalilaza koti mezani, akafumua mshono wa bega la kushoto, akaingiza mkono. Akachomoa sponji. Akamvika binti, akarudi nyuma hatua, akafinya jicho.

"Limefika?"

"Simama vizuri nikuone," binti akasema.

Misumari akasimama, mikono ubavuni, kama walivyosimama mbele yake wateja wote aliowahi kuwapimia viti. Binti akamzunguka, akaenda nyuma yake, akakaa huko kwa muda.

"Bado, baba," akasema. "Lako limeshuka zaidi."

Basi akaingiza mkono tena, akachomoa.